Chai ya Vietnam na watu waliohama nayo

Ukisema "chai" hapa kambini, unatamka neno la Kichina. Lilitoka China kwa nchi kavu, likapita kwa Waajemi na Wahindi, likafika pwani yetu na kupanda bara hadi Kongo. Hata lile neno thé tulilofundishwa shuleni kwa Kifaransa ni la Kichina, ila lenyewe lilitoka bandari nyingine na kupandishwa meli na Waholanzi. Vietnam imepakana na China, kwa hiyo wao neno hawakulisubiri mbali. Kaskazini wanasema chè, kusini wanasema trà, na wataalamu wa lugha wanasema ni neno lilelile lililoazimwa mara mbili, kwa nyakati tofauti.

Kwenye kikundi chetu cha vijana huwa tunasoma historia za watu wengine waliokimbia nchi zao, maana ukisoma yako tu kila siku unaweza ukadhani dunia nzima ilikaa salama ukahama wewe peke yako. Tulipofika Vietnam, maandishi karibu yote yalikuwa ya vita: mabomu, ndege, mashua. Binti mmoja akauliza, sasa hao watu walipoondoka walibeba nini? Wenzake wakajibu dhahabu, picha, nguo mbili. Mimi nikaenda kutafuta habari za chai yao, kwa sababu chai ndiyo kitu cha kwanza anachopewa mgeni kule, kabla hata ya kuulizwa shida yake. Nikakuta historia ndefu kuliko nilivyotegemea.

Kwanza tuelewane kuhusu chai yenyewe. Siyo hii yetu ya maziwa na sukari, wala ya rangi yenye tangawizi. Hii yetu tumeipata kwa Waingereza na Wahindi, na mashamba ya chai kule kwetu Kivu yaliletwa na Wabelgiji. Yaani mti wa chai kwetu ni mgeni. Vietnam ni mwenyeji. Kwenye milima ya kaskazini, mahali panaitwa Suối Giàng, katika uliokuwa mkoa wa Yên Bái hadi mwaka 2025, karibu mita 1,400 juu ya bahari, kuna michai yenye umri wa mamia ya miaka, mirefu kiasi kwamba Wahmong wanaoishi pale wanapanda juu kuchuma majani kama sisi tunavyopanda mwembe. Chipukizi zake zina vinyweleo vyeupe, ndiyo maana wanaiita shan tuyết, chai ya theluji ya mlimani. Theluji yenyewe ni nadra kule. Ni rangi tu.

Halafu hawatii sukari. Hawatii maziwa. Ni kijani, ni chungu, na baada ya kumeza utamu unarudi taratibu kooni. Mtu aliyezoea vijiko vitatu anaweza akaona ameonewa.

Watu wakisikia "utamaduni wa chai" wanafikiria Wajapani, mtu amepiga magoti kwenye chumba kisafi anageuza bakuli polepole. Vietnam hawana sherehe kubwa ya namna hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo maana chai yao imeweza kuhama na watu. Nenda mkoa wa Nghệ An, sehemu ya kati, mkoa wenye jua kali na ardhi ngumu. Wakulima wa kule wanakunywa majani mabichi. Wanayaosha, wanayaponda kidogo kwa mikono, wanayamwagia maji yanayochemka, wanafunika birika lipate joto. Nyumba iliyopika chai haiinywi peke yake. Mama anasimama uani, anapaza sauti kuita majirani, nao wanakuja na watoto wao. Wanakunywa kwa mabakuli, pengine na viazi vitamu vya kuchemsha. Kesho inapika nyumba nyingine. Hapo ndipo wanapopanga nani atamsaidia nani kuvuna mpunga, ndipo wanaposuluhisha ugomvi wa mipaka, ndipo na umbea unapotembea. Hakuna anayeandika kumbukumbu za kikao, lakini ni kikao kabisa.

Upande wa wenye nacho kulikuwa na mambo mengine. Seti ya kizamani ilikuwa na kikombe kimoja kikubwa na vinne vidogo. Hivyo vidogo vinaitwa quân, askari. Chai inatoka kwenye birika la udongo inaingia kwanza kile kikubwa, ndipo inagawiwa kwenye vidogo. Sababu ni hii: ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye birika, wa kwanza anapata maji mepesi na wa mwisho anapata chungu. Kikombe kikubwa kinasawazisha. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mgao, akafika mbele na kukuta kilichobaki ni cha chini ya gunia, ataelewa hekima ya kikombe hicho bila kuelezwa.

Chai ya heshima kuliko zote ni ile ya lotasi ya Ziwa Magharibi, Tây Hồ, mjini Hanoi. Lotasi ni ua la majini linalofanana na yungiyungi letu, ila lenyewe limesimama juu ya maji, la waridi, na lile la Tây Hồ lina petali nyingi mpaka wakaliita la petali mia. Wachumaji wanaingia ziwani kwa mtumbwi kabla ya jua kuchomoza, maana jua likipanda harufu inakimbia. Wanarudi nyumbani mbio, familia nzima inakaa chini, wanabandua petali na kutoa punje ndogo nyeupe zilizo katikati ya ua. Punje hizo zinaitwa mchele wa lotasi. Wanatandaza tabaka la chai kavu, tabaka la mchele wa lotasi, tena chai, tena mchele, wanafunika. Chai inavuta harufu. Baada ya hapo wanachekecha, wanaikausha kwa moto mdogo sana, halafu wanaanza upya na maua mapya. Wanarudia hivyo mara tano, sita, saba. Kazi nzima inachukua wiki mbili hadi tatu, na kilo moja ya chai inaweza kula maua 1,000 hadi 1,400.

Nilipowasomea vijana hesabu hiyo walicheka. Maua elfu kwa kilo moja! Mmoja akasema hiyo siyo chai, hiyo ni mahari. Hakuwa mbali na ukweli, maana chai ni sehemu ya posa kule. Upande wa mwanamume unapeleka masinia yaliyofunikwa kitambaa chekundu, ndani yake kuna tambuu na popoo, kuna chai, kuna vitu vitamu. (Watu wa pwani, tambuu na popoo mnavijua, mmevipeleka harusini miaka mingi.) Na chai inarudi tena siku ya mwisho: majani makavu yalikuwa yanatandazwa ndani ya jeneza, yanyonye unyevu na kuzuia harufu.

Kuna mwandishi wa Hanoi aliyeitwa Nguyễn Tuân. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha hadithi kuhusu mambo ya kale yaliyokuwa yanapotea, kinaitwa Vang bóng một thời. Hadithi moja inamhusu mzee mpenda chai, mtu wa ukoo wenye mali, ambaye maji ya chai yake lazima yatoke kwenye kisima cha hekalu fulani kilimani, mengine hanywi. Ndani yake kuna kisa cha ombaomba. Ombaomba huyo anafika kwenye nyumba ya tajiri, haombi wali, anaomba chai. Anafungua fuko lake bovu, anatoa birika dogo la udongo la thamani, anapika mwenyewe, anaonja, anashukuru, halafu anasema chai ni nzuri ila imechanganyika na pumba za mpunga. Watu wa nyumba wanamwona mwendawazimu tu. Jioni ileile chai ya kwenye chombo inamwagika chini, wanakuta pumba kweli.

Nimekirudia kisa hicho mara nyingi kwenye kikundi. Inaelekea mtu huyo zamani alikuwa tajiri, akamaliza mali yake kwa ajili ya chai. Nyumba imekwenda, nguo zimekwenda. Ulimi umebaki. Tunao watu kama hao hapa. Kuna fundi wa nguo asiye na cherehani, lakini akikuona umepita anajua shati lako limeshonwa vibaya begani. Kuna mama anayenusa tu unga na kukwambia umekaa stoo muda gani. Fomu za kuandikishia watu hazina kisanduku cha ulimi.

Mzee mwenyewe wa hadithi naye anafilisika mwishoni. Inambidi auze mabirika yake. Anachofanya ni kuuza birika bila kifuniko, anabaki na kifuniko. Aliyenunua atarudi tu. Vijana wa biashara ndogondogo walikipenda kipande hicho kupita kiasi, nikawaambia wasinitaje.

Sasa tuje kwenye majani na matunda, maana Wavietnam wengi, hasa maskini, chai yao ya kila siku haikuwa na jani la chai hata moja.

Kwenye tambarare ya Mto Mwekundu, huko kaskazini, kijiji kilikuwa na mti unaoitwa vối, mara nyingi kando ya bwawa. Wanachuma majani na vichipukizi vya maua, wanakausha, wanachemsha. Inakata kiu, inasaidia tumbo baada ya kula. Nilipotafuta jina lake la kisayansi nikakuta ni Syzygium, jamii moja na mzambarau na mkarafuu. Ndugu zake wako Zanzibar na wako kwenye viwanja vya misheni na shule kote Kigoma, ila sisi tunakula tunda na kuacha jani. Kuna mmea unaitwa nhân trần ambao wauzaji wa barabarani wanauchemsha na kuuza baridi. Kuna maua ya krisanti, kuna tangawizi, kuna mchaichai, ambao hauhitaji maelezo kwa mtu yeyote anayesoma hapa. Wafaransa walileta atichoki mji wa milimani Đà Lạt ili wapate mboga ya kwao. Wenyeji wakaichukua, wakachemsha ua, shina na mizizi, na leo chai ya atichoki ni zawadi anayorudi nayo kila anayetembelea Đà Lạt. Ile rozela nyekundu tunayotengenezea juisi, ambayo majani yake Wakongo tunayapika kama ngai-ngai, kule wameipa jina "atichoki nyekundu", ingawa haina undugu wowote na atichoki.

Dawa hizi za majani zina mzee wao. Anaitwa Tuệ Tĩnh, mtawa wa Kibudha na tabibu, ambaye wengi wanamweka karne ya 14. Wakati huo dawa ya heshima ilikuwa ya Kichina, ya bei kubwa. Yeye alifundisha kwamba watu wa Kusini, yaani Wavietnam, watibiwe kwa mimea ya Kusini, ile iliyoota nyuma ya nyumba zao. Inasimuliwa kwamba sifa zake ndizo zilizomponza. Mwaka 1385 alipelekwa China kama sehemu ya kodi ambayo mfalme wake alikuwa analipa kwa mfalme wa China, akawatibu wakubwa wa huko, na hakurudi tena. Wanasema kwenye jiwe la kaburi lake aliomba kwamba mtu yeyote wa kwao atakayepita pale ayabebe mifupa yake airudishe nyumbani. Tabibu aliyesisitiza dawa ya ardhi ya kwenu, akazikwa kwenye ardhi ya watu. Nilipofika hapo nikasoma haraka nikaenda mbele, kwa sababu kuna wazee waliokuwa wamekaa nyuma wanasikiliza.

(Watu wa zahanati wasinielewe vibaya. Vối haitibu malaria, na mtoto anayeharisha apelekwe haraka. Ila jambo moja la chai hata wao hawatapinga: maji yamechemshwa.)

Wafaransa walipotawala walianza kupanda chai kwa mashamba makubwa. Mwaka 1890 walianza Phú Thọ, kaskazini. Mwaka 1927 kiwanda kilijengwa Cầu Đất, karibu na Đà Lạt. Walichotaka ni chai nyeusi ya kuuza nje. Wenyeji walifanya kazi shambani mchana, wakarudi nyumbani kunywa ya kijani. Kwetu ilikuwa vingine. Tulichukua chai ya mkoloni pamoja na maziwa na sukari yake, tukaiita yetu.

Mwezi wa saba mwaka 1954, mkutano wa Geneva ulikata Vietnam vipande viwili. Watu walipewa siku 300 kuchagua upande. Kati ya watu 800,000 na milioni moja walitoka Kaskazini kwenda Kusini, wengi wao Wakatoliki, wengi kwa meli za Wafaransa na Wamarekani. Wengine zaidi ya laki moja walikwenda upande wa pili. Wale wa kusini waligawiwa maeneo, na baadhi yao wakapelekwa kwenye miinuko ya B'Lao, leo panaitwa Bảo Lộc, kwenye njia ya Saigon kwenda Đà Lạt. Kulikuwa na ardhi nyekundu, mvua na baridi, na tayari kulikuwa na mashamba ya chai ya Wafaransa.

Hawakubeba Ziwa Magharibi. Hakuna anayeweza kubeba ziwa. Lotasi ya petali mia ilibaki Hanoi, na mpaka ukafungwa. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kuvutisha harufu ya ua kwenye jani: tabaka kwa tabaka, funika, kausha, rudia. Wakapanda yasmini na maua mengine yaliyokubali hali ya hewa ya pale, wakawa wanatengeneza chai ya harufu na kuiuza Saigon. Watu wa Kusini wakaipenda. Miaka michache tu, jina B'Lao likawa jina la chai, na mpaka leo ukisema trà B'Lao mtu anajua unachosema. Kitu kilicholetwa na wakimbizi kimekuwa fahari ya mkoa.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hadithi za mafanikio ya wakimbizi zinapendwa sana kwenye mabango, na huwa zinaruka kipande. Ardhi ya B'Lao haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wamạ na Wak'ho, watu wa milimani ambao walikuwa wamekaa pale vizazi na vizazi. Kwanza walikuja Wafaransa na mashamba, kisha wakaja wahamiaji, na kila aliyekuja aliwasogeza. Kwa hiyo kikombe cha yasmini cha B'Lao kina harufu mbili, na anayetaka kuisimulia historia hiyo vizuri asinuse moja tu. Wenyeji wa vijiji vinavyotuzunguka hapa wanaelewa ninachosema.

Baada ya vita kuisha mwaka 1975, wengine walikimbia tena, safari hii kwa mashua. Malaysia ilifungua kambi kwenye kisiwa cha Pulau Bidong mwaka 1978. Kisiwa kina ukubwa wa karibu kilomita moja ya mraba, na katikati ya mwaka 1979 walikaa humo watu wapatao 40,000. Miongoni mwa waliopita humo kuna ambao walikuwa wakimbizi wa 1954, wanahama mara ya pili maishani. Leo nenda duka la Wavietnam la Paris au California, utakuta makopo ya chai ya lotasi kwenye rafu.

Waliobaki nyumbani nao walikuwa na dhiki yao. Mpaka mageuzi ya mwaka 1986, biashara ilikuwa ya serikali na chakula kilikuwa cha kuponi. Kuponi ya nyama, kuponi ya mchele, foleni toka alfajiri, watu wanaweka tofali kuwakilisha nafasi yao. (Ndiyo, tofali. Vijana walipiga makofi waliposikia.) Pamoja na hayo, kwenye kona za Hanoi kulikuwa na kibibi na meza yake fupi. Juu ya meza kuna vikombe vidogo, pipi za karanga, sigara za kuuzwa mojamoja, na kiko cha mwanzi cha kuvutia tumbaku. Birika lake amelitia ndani ya kikapu kilichosheheni vitambaa ili lisipoe. Unakaa kwenye kigoda, unalipa senti chache, unakaa saa nzima. Ni kijiwe, sina neno jingine. Mwalimu, dereva wa baiskeli ya abiria, askari aliyerudi vitani bila mguu, wote magoti yao yako juu karibu na kidevu kwa ufupi wa vile vigoda.

Kijiwe hicho hakikufa biashara ilipofunguliwa. Kiliongeza barafu. Leo kinaitwa trà đá, chai baridi, na ni miongoni mwa vinywaji vya bei ndogo kabisa mjini. Vijana nao wamekuja na yao: chai ya limao, chai ya pichi na chungwa na mchaichai, hata chai ya stafeli, ambayo wanaponda nyama ya tunda lenyewe ndani ya chai yenye barafu na sukari. Wazee wanalalamika kwamba hiyo siyo chai. Mimi nimetengeneza ya mchaichai na chungwa kwenye kikundi, bila pichi kwa sababu pichi nimeziona kwenye picha tu, na jagi la lita tano liliisha kabla sijapata kikombe changu. Ya stafeli tunasubiri msimu.

Na Saigon, ambayo sasa inaitwa Mji wa Ho Chi Minh, kuna watu wanaoweka chombo kikubwa cha trà đá nje ya lango lao asubuhi, wakati joto halijapanda. Juu ya chombo wameandika kuwa ni bure. Anayeuza tiketi za bahati nasibu anasimama anakunywa, dereva wa pikipiki anakunywa, mwokota makopo anakunywa. Kikombe mara nyingi kimefungwa kwa kamba kwenye chombo, ukimaliza unakisuuza na kukigeuza mdomo chini. Jioni mwenye nyumba anatoka, anakiosha chombo na kukiingiza ndani.